Matairi ya pikapu: Lami imesogea, hesabu imebadilika

Kwa mfanyabiashara wa mchele anayetumia pikapu kati ya Dar es Salaam na bonde la Kilombero, swali la matairi ya kufunga kabla ya mvua ni swali la mtaji. Bei ya mpunga vijijini huwa chini wakati wa mavuno, kuanzia mwezi Mei na kuendelea, halafu hupanda kadiri ghala zinavyopungua. Inapofika Februari hadi Aprili, wakati mchele unapotafutwa sana mjini, ndipo njia za vijijini zinapokuwa mbovu kuliko wakati mwingine wowote. Gari linaloweza kuingia na kutoka katika miezi hiyo hupata mzigo ambao wengine wameukosa. Gari likikwama hula faida yake lenyewe.

Ndiyo maana kwa miaka mingi imani ya wengi barabarani imekuwa kwamba pikapu ya shamba ni lazima ivae matairi ya tope, yale yenye meno makubwa yaliyoachana, ambayo madukani hutambulika kwa herufi M/T. Aina ya pili, matairi ya njia zote au A/T, yenye meno madogo zaidi na yaliyokaribiana, ilionekana kuwa ya watu wa mjini. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Ilitokana na barabara ya wakati ule, na barabara ya wakati ule haipo tena.

Zamani tope lilianzia Kidatu. Lami kutoka Mikumi iliishia hapo, na kilomita zipatazo 67 za kwenda Ifakara zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Baada ya Ifakara kulikuwa na kivuko cha mto Kilombero, ambacho mto ukijaa kilikuwa na mambo yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi, ziliimarisha imani ya tairi la meno makubwa kuliko tangazo lolote la biashara.

Mwaka 2018 daraja la mto Kilombero, ambalo sasa huitwa Daraja la Magufuli, lilifunguliwa. Katika miaka ya 2020 barabara ya Kidatu hadi Ifakara imewekwa lami. Kwa gari linalotoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 420 za mwanzo sasa ni lami, na tope limebaki kwenye kipande cha mwisho cha kuingia vijijini. Wafanyabiashara wengi hawajairudia hesabu yao tangu lami ilipofika, na wapo wanaoendelea kununua tairi la barabara iliyokwisha kufa.

Tofauti iko wapi

Tairi la tope hufanya kazi kwa nafasi zilizo kati ya meno. Tope huingia katika nafasi hizo, na gurudumu linapozunguka hulitupa nje, meno yakabaki safi na kushika tena. Mengi ya matairi hayo yana meno hadi ubavuni, ili gari lililozama kwenye mifereji ya magurudumu ya malori lipate mahali pa kujishikilia. Likiwa jipya, kina cha meno yake kwa kawaida ni milimita 14 au zaidi. Tairi la njia zote huanza na milimita 10 hadi 13 hivi, na nafasi zake ni nyembamba. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani unaovimba ukinywa maji, nafasi hizo hujaa baada ya mizunguko michache, na tairi hugeuka kuwa mche wa sabuni.

Hapo tairi la tope halina mpinzani, na hakuna haja ya kubishana. Ubishi unaanza pale gari linaporudi kwenye lami.

Kwenye lami meno makubwa yaliyoachana yana mpira mchache unaogusa barabara. Lami ikiwa na maji, gari huchelewa kusimama na kona hushikwa kwa wasiwasi. Jambo hili si la nadharia kwa watu wa njia hii, kwa sababu barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukatisha katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, ambako twiga, pundamilia na tembo huvuka wanavyotaka, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Dereva mwenye tani moja ya mchele nyuma, mvua ikinyesha jioni, anahitaji tairi linalosimamisha gari kuliko linalolichimbua.

Aidha, meno makubwa hupinda na kujisugua kwenye lami, yakaisha upesi na mara nyingi kwa mtindo wa msumeno, upande mmoja wa jino ukiwa juu na mwingine chini. Sauti yake husikika kijiji kizima. Injini nayo hufanya kazi zaidi kulisukuma, na gharama hiyo hulipwa kituo cha mafuta bila kuonekana kwenye risiti ya duka la matairi.

Hesabu ya wawili

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Kila mmoja anapaswa kuweka bei za siku yake na za duka lake.

Ichukuliwe kwamba tairi la njia zote linauzwa Sh. 450,000 na kwenda kilomita 60,000. Matairi manne ni Sh. 1,800,000, yaani Sh. 30 kwa kila kilomita. Tairi la tope lichukuliwe kuwa Sh. 600,000 na kwenda kilomita 40,000. Manne ni Sh. 2,400,000, ambazo ni Sh. 60 kwa kilomita. Pikapu inayotumia lita 10 kwa kilomita 100 ikiongeza nusu lita kwa sababu ya meno makubwa, na lita ikiwa Sh. 3,000, hiyo ni Sh. 15 zaidi kwa kilomita. Kwa jumla, kila kilomita inayokwenda juu ya tairi la tope inagharimu Sh. 45 zaidi, iwe ya lami au ya matope.

Upande wa pili wa mizani kuna siku ya kukwama. Trekta la kuvuta, vijana wa kushusha na kupakia tena magunia, chakula, na siku ya biashara iliyopotea vichukuliwe kuwa Sh. 150,000 kwa pamoja. Ukigawanya kwa Sh. 45 unapata kilomita 3,333. Maana yake ni kwamba siku moja ya kukwama iliyoepukwa hulipia gharama ya ziada ya tairi la tope kwa kilomita 3,333. Kipimo hicho ndicho cha kuchukua dukani.

Mfanyabiashara wa kwanza anakaa Dar es Salaam na kuuza Tandale. Kila safari ni kilomita 420 za lami na 30 za kijijini, kwenda na kurudi 900. Akifanya safari 40 kwa mwaka, ni kilomita 36,000. Ili tairi la tope limlipe, lazima limwokoe na kukwama karibu mara 11 kwa mwaka. Lakini safari zake za miezi ya mvua ni 12 tu. Hata kama kwa tairi la njia zote angekwama nusu yake, yaani mara sita, na kwa tairi la tope mara mbili, ameokolewa mara nne. Kwa mwaka amelipa Sh. 1,620,000 za ziada kuokoa Sh. 600,000. Na seti yake itakuwa imekwisha baada ya miezi 13 hivi, arudi tena dukani.

Wa pili anakaa Ifakara. Ananunua mpunga katika vijiji vya upande wa Malinyi na Mlimba na kuupeleka kwenye mashine za kukoboa mjini hapo. Safari yake ni kilomita 120 kwenda na kurudi, safari 100 kwa mwaka, jumla kilomita 12,000. Kwake, kukwama mara nne kulikoepukwa kunatosha kulipa tofauti yote. Ikiwa safari 40 kati ya hizo ni za wakati wa mvua, na nusu yake zingeishia kwenye tope kwa tairi la njia zote lakini sita tu kwa tairi la tope, ameepuka kukwama mara 14. Hiyo ni Sh. 2,100,000 dhidi ya gharama ya ziada ya Sh. 540,000.

Watu hawa wawili wanauza mchele uleule, pengine wana pikapu za aina moja, na kila mmoja akimwiga mwenzake atapata hasara. Kinachowatofautisha ni mahali gari linapolala.

Kuna njia ya tatu ambayo wa kwanza angeweza kuifikiria, nayo ni kuacha kilomita 30 za mwisho kwa mtu mwingine. Akisubiri kwenye lami Ifakara na kumlipa mwenye gari la tope au trekta amletee magunia hapo, gari lake halihitaji meno makubwa kabisa. Wapo watakaoona kwamba kufanya hivyo ni kugawana faida na jirani. Ni kweli. Lakini kwa mfano huo huo, Sh. 1,620,000 za ziada zikigawanywa kwa safari 12 za mvua ni Sh. 135,000 kwa kila safari, kiasi ambacho kinaweza kuwalipa watu wengi kubeba mzigo kwa kilomita 30.

Namba ya ubavuni kwanza

Mnunuzi huangalia meno kwa sababu yanaonekana. Kilicho muhimu zaidi kwa mtu wa mizigo ni namba ndogo iliyoandikwa ubavuni baada ya kipimo cha tairi. Namba 104 maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 900. Namba 110 ni kilo 1,060, na 112 ni kilo 1,120. Katika pikapu iliyopakia, magunia karibu yote hulemea mhimili wa nyuma. Matairi mawili ya namba 104 hubeba kilo 1,800, na mawili ya 110 kilo 2,120. Tofauti ni kilo 320, zaidi ya magunia matatu ya kilo mia, achilia mbali lumbesa.

Matairi mengi ya njia zote yanayopendeza kwa macho yametengenezwa kwa ajili ya magari ya kutembelea, na namba yake ni ndogo. Kwa pikapu ya biashara yanayofaa ni yale yenye herufi C mwishoni mwa kipimo, kama 205R16C, au yenye LT, ambayo yameimarishwa kwa mizigo. Tairi dhaifu chini ya mzigo mzito hupata joto kwenye lami ya mchana, na mpasuko wa nyuma gari likiwa kasi hauangalii kama meno yalikuwa ya tope au ya njia zote.

Tarehe nayo inasomeka. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho, na 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, na matairi ya tope, kwa kuwa hayatoki haraka, ndiyo huonekana zaidi yakiwa yamekaa rafuni muda mrefu. Punguzo kubwa la bei kwenye tairi lenye meno marefu na tarehe ya zamani si bahati. Mnunuzi aulize tarehe kabla ya kuuliza bei.

Suala la kuchanganya aina mbili hujitokeza kila mwaka, hasa kwa mwenye fedha za matairi mawili. Kwa pikapu inayovutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kufunga ya tope nyuma na ya kawaida mbele husaidia kweli kupanda tope. Ila kwenye lami yenye maji mkia wa gari unakuwa na mshiko mdogo kuliko kichwa, na gari huwa jepesi kugeuka lenyewe kwenye kona. Kwa pikapu inayovuta magurudumu yote manne hali ni mbaya zaidi. Matairi yakitofautiana mzunguko mbele na nyuma, difu na gia hupambana zenyewe kwa zenyewe pindi dereva anapoingiza uvutaji wa nne kwenye barabara ngumu, na gharama ya sanduku la gia haifanani na ya matairi mawili.

Upana ni mtego mwingine. Tairi pana linapendeza, na vijana hulipenda kwa sababu zao. Lakini pale tope linapokuwa laini juu na gumu chini, kama ilivyo kwenye njia nyingi za changarawe zilizoloa, tairi jembamba hukata hadi chini na kushika, wakati pana huelea na kuteleza. Land Rover za zamani zenye 7.50-16 hazikupata sifa zake bure. Pana husaidia kwenye mchanga na kwenye tope lisilo na chini, na hata huko tairi la meno makubwa kwenye mchanga mkavu huchimba kaburi lake lenyewe dereva akikanyaga mafuta.

Jambo ambalo halina gharama ni upepo. Tairi la njia zote lililoshushwa kutoka psi 40 hadi 25 hutanuka, likashika eneo kubwa zaidi, na mara nyingi hilo hutosha kulitoa gari mahali ambapo lilionekana limeshindwa. Masharti ni mwendo wa polepole, mzigo uwe mdogo, na pampu iwe ndani ya gari ili upepo urudishwe kabla ya kugusa lami. Dereva anayeshusha upepo na kwenda nao hadi Mikumi huua seti nzima kwa safari moja. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari ni bei ya chini sana ikilinganishwa na tairi moja, na bado ni wachache wanaokuwa nayo.

Kwa mwenye duka

Biashara ya matairi nayo imeguswa na mabadiliko haya. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilisimama mwaka 2009. Kiwanda cha Sameer cha Nairobi, kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Soko hili kwa sehemu kubwa linategemea tairi linaloshuka melini, na bei yake hufuata dola na nauli za meli kabla ya kufuata mvua.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kufungua duka, mji ndio unaoamua aina ya kuweka. Mwenye duka Dar es Salaam au Morogoro mjini anayejaza matairi ya tope anafunga fedha zake katika bidhaa inayozeeka, kwa sababu wateja wake wengi wanaishi juu ya lami. Akiba yake iwe ya njia zote, vipimo vichache vinavyotumika sana kwenye pikapu na magari ya abiria ya vijijini, na ya tope yaletwe kwa oda. Ifakara ni kinyume. Huko seti chache za tope zenye namba kubwa ya mzigo zina mnunuzi kila mwisho wa mwaka, mradi zinunuliwe zikiwa na tarehe ya karibuni na kuhifadhiwa mbali na jua.

Mteja naye ana nafasi yake ya kujipatia bei. Katika bonde hilo mvua huanza kuwa za uhakika kuanzia Desemba. Anayefika dukani Septemba ana muda wa kuzunguka maduka matatu, kusoma tarehe na namba, na kuomba punguzo kwa seti nzima. Anayefika gari likiwa tayari limekwama mara mbili hununua kilichopo, kwa bei iliyopo, na kwa kawaida huondoka na tairi la tope hata kama anakaa Tandale.

Seti za zamani zenye nusu ya meno zisitupwe. Tairi la tope likifika nusu limekwisha kwa kazi ya tope, kwa kuwa nafasi zimekuwa fupi mno kutupa udongo, lakini kwa barabara ya changarawe ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, bado lina kazi. Mwenye pikapu wa Ifakara anayebadili seti mbili kwa misimu, ya tope Desemba na ya zamani Juni, hupunguza kusugua meno mapya kwenye ardhi kavu na kuyaongezea msimu mwingine. Gharama yake ni ya kufungua na kufunga, pamoja na kona ya ghala isiyopigwa na jua.